Mguu wa Kushoto wa Mama Ezekieli

Vijana wa kijiweni, mnaniona nimekaa dukani kwangu hapa Kibondo nauza plagi na cheni, mnaniita Injinia, mnadhani nilizaliwa na duka. Sikuzaliwa na kitu. Shule niliishia darasa la nne, na cheti pekee nilichonacho ni cha ubatizo. Lakini njia ya kutoka Kasulu mpaka Kibondo, tangu enzi za vumbi na utelezi, naijua kuliko walioichonga. Nimeiendesha kwa baiskeli, nikaiendesha kwa pikipiki, na mpaka mgongo uliponiachisha kazi nilikuwa sijawahi kumwangusha abiria hata mmoja. Muulize yeyote Nyakitonto.

Na wajawazito ndio waliokuwa wateja wangu wakubwa. Nimewapeleka kliniki, nimewapeleka kujifungua, nimewarudisha na vichanga vyao. Hakuna aliyejifungulia kwenye siti yangu. Mmoja alitaka kujaribu, nikamwambia, mama, vumilia, bati la zahanati lile pale linang'aa. Akavumilia. Mtoto alizaliwa mlangoni, lakini mlango si siti.

Kwa hiyo nilijiona najua mimba. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nawasimulia haya kwa sababu juzi nilimsikia mmoja wenu, jina silitaji, akijisifu kwamba mke wake ana mimba ya miezi mitano na hata maji ya kunywa anapelekewa kitandani. Wenzake mkampigia makofi. Mimi nilinyamaza nikaendelea kupatana bei ya tairi na mteja. Sikunyamaza kwa kukubali. Nilikuwa nafikiria mguu wa kushoto wa mke wangu, na leo nitawaambia habari zake, maana ni mimi niliyeuharibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ruhuza wa Nyakitonto, aliyekuwa akibeba watu kwa baiskeli wakati mimi bado nachunga mbuzi. Mtu mkali, mwenye mashavu ya miguu kama mihogo ya mwaka wa pili. Siku ya kwanza alinipa baiskeli yake, akapanda nyuma yeye mwenyewe, akasema twende. Tulipofika mlimani nikaanza kukanyaga nikihema kama ng'ombe. Akanipiga kofi la mgongo.

"Unafanya nini, wewe?"

"Napanda mlima, mzee."

"Mlima ni wa abiria. Mteremko ni wa breki. Wa kwako ni tambarare tu. Simama nishuke."

Akashuka, akatembea, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Juu akapanda tena. Ndivyo tulivyofanya kazi wote enzi hizo. Lakini kwa mwenye mimba alikuwa na sheria ya ziada: kila ukikuta kijito, mshushe hata kama njia ni tambarare. Anyooshe miguu, aende hatua mia, anywe maji, ndipo apande.

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu nimesema."

"Lakini baiskeli haijachoka."

"Nani amekuuliza habari za baiskeli?"

Hakunieleza zaidi, na mimi nikadhani ni ukaidi wa wazee. Nilifuata tu kwa kumwogopa. Hata nilipopata pikipiki ya kwanza, ile ya mtumba iliyokuwa inakohoa kuliko mwenye nayo, milimani watu walishuka, kwa sababu ilikuwa haiwezi. Nilikuwa naona aibu kubwa. Mwalimu mmoja mwenyeji wa Moshi, aliyekuwa anafundisha kwetu, nilimpeleka kliniki Kasulu mimba nzima kwa pikipiki ile. Kila mlima ananitukana kwa adabu ya kisomi.

"Injinia, nimekodi pikipiki au nimekodi mtu wa kunisindikiza?"

"Mwalimu, unapata vyote kwa nauli moja."

Lakini alitembea. Alijifungua salama, na siku moja akaniambia kwamba wenzake shuleni walilalamika miguu na mgongo, yeye hakulalamika sana. Nikacheka. Nikafikiri ananifariji kwa ubovu wa chombo changu.

Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtu asiyesoma inavyoweza kumdanganya akishapata kidogo. Nilifanya kazi, nikajinyima, nikanunua pikipiki mpya kabisa, nyekundu, nailoni bado iko kwenye siti. Nilikuwa wa kwanza Nyakitonto kuwa na kitu kama kile. Mlima ilikuwa inaumeza. Na neno la kwanza nililojifunza kusema ni hili: "Hii haijui mlima." Abiria akitaka kushuka nilikuwa namkatalia. Kumshusha mtu mlimani niliona ni kuitukana pikipiki yangu. Yule mwalimu, mimba ya pili, alinigonga bega tukiwa kwenye mpando.

"Nishushe nitembee kidogo, miguu inakufa ganzi."

"Mwalimu, siku za kutembea zimekwisha."

Nikaongeza mafuta. Alipofika alishuka akachechemea, akaniangalia. Tangu siku hiyo alikodi pikipiki ya mtu mwingine. Nilisema ana wivu.

Mwaka uleule mke wangu akashika mimba ya pili. Mke wangu anaitwa Spesioza, Mama Ezekieli. Wazazi wake walikuja wakati wa vita kutoka Burundi, wakalima milima ya Kitanga mpaka wakawa raia, na yeye amekua na jembe mkononi. Nilipomchumbia alinishinda mwendo. Nilikuwa namsindikiza kwao, mimi nasukuma baiskeli, yeye na debe la maharage kichwani, na bado ananingoja juu ya mlima akicheka: "Kumbe wanaume wa Nyakitonto wanatembea na matairi tu!"

Mimba ya Ezekieli alilima mpaka karibu na mwisho. Sikuwa na kitu wakati huo. Lakini ya pili ilinikuta mimi ni mtu. Nikaapa kwamba mke wangu hatashika jembe wala ndoo. Jembe lake nikalipandisha darini. Nikamtafutia binti wa jirani wa kuteka maji. Kanisani, ambako ni mwendo wa kumaliza kula andazi, nikawa nampeleka kwa pikipiki, amekaa upande na kitenge kipya, mimi napiga honi watu wapishe.

Wanawake kisimani hawakumwacha.

"Mama Ezekieli, miguu umemwazima nani siku hizi?"

"Amemwachia Injinia aitilie oili!"

Akaniambia jioni, "Baba Ezekieli, naona haya. Niache niende shamba hata asubuhi tu."

"Wanaumwa wivu hao."

"Na mimi naumwa kukaa."

Nikacheka. Mwezi wa nne mpaka wa sita, vijana, ni wakati wa ajabu. Kutapika kumeisha, nguvu zimerudi, tumbo halijawa mzigo. Mama anajiona kama hana kitu, na mume mjinga anamwona kama amebeba yai.

Msiseme sikuambiwa. Niliambiwa. Zahanati yetu ilikuwa na nesi anaitwa Sista Mwanaidi, mtu wa Tanga, mwenye maneno laini ambayo yakikuingia hayatoki. Alituita wote wawili, baba na mama, kwenye benchi.

"Baba, mimba imeingia mwezi wa tano. Sasa mwili wa mama unapanga upya vyombo, kama nyumba inayongoja mgeni. Akiinuka ghafla atasikia kuvutwa huku chini ya tumbo, vinavutika vile vinavyoushika mji wa mimba. Nyonga zinalegea, mgongo unapinda, uzito umehamia mbele, basi atayumba kidogo. Usimcheke."

"Simcheki, Sista. Namuuguza."

"Lakini haugui, baba. Anatembea?"

"Mke wangu atembee, mimi nikiwa nani?"

Sista akanitazama kama mtu anayetazama embe bichi. Akamgeukia mwenye mimba.

"Mama, tembea kila siku, nusu saa hivi. Mwendo wa kuweza kuongea bila kukatika pumzi. Ukijaribu kuimba, wimbo ukushinde kidogo."

"Huyu wimbo haujawahi kumshinda," nikadakia. "Ni sauti ya kwanza kwaya."

Wote wakacheka. Spesioza akauliza, "Na jembe, Sista?"

"Palizi nyepesi, asubuhi kabla ya jua kali, ukichoka kaa. Ndoo kubwa kichwani hapana. Ukiokota kitu chuchumaa, usiiname na mgongo. Kulala chali muda mrefu hapana, lala ubavu, maana tumbo linaubana mshipa mkubwa na kichwa kitakuzunguka. Ukitembea ukaona damu, au maji yanavuja, au pumzi inakata, au kifua kinauma, acha, njoo hapa. Na miguu itavimba. Ikivimba yote miwili jioni, inyanyue, mara nyingi hiyo ni kawaida. Ukivimba mmoja peke yake, ukauma, ukawa wa moto, hiyo haingoji kesho. Umesikia, baba?"

Nikasema nimesikia. Nitawaambia ukweli: nilikuwa nachungulia dirishani, naangalia kama pikipiki yangu imeegeshwa vizuri kwenye kivuli.

Wiki chache baadaye kulikuwa na harusi ya ndugu yangu huku Kibondo. Nikamtia Spesioza nyuma, kitenge kipya, kiatu kipya, tukaondoka. Nilitaka tufike kabla ya watu, nionekane. Hatukusimama kijito hata kimoja. Njiani akanigonga bega.

"Nishushe kidogo. Mguu umekufa ganzi."

Nami naona juu ya mpando ule vijana wa kijiwe kingine, washindani wangu, wamekaa wanatutazama tunavyopanda. Nikajisemea, nikisimama hapa watasema pikipiki nyekundu imeshindwa na mlima.

"Vumilia, Mama Ezekieli, tunafika."

Akavumilia. Yeye ni mvumilivu kuliko mimi, na hilo ndilo lililomponza. Kurudi pia hatukusimama.

Haikupita wiki mguu wa kushoto ukavimba. Si kifundo tu, mpaka juu ya goti, umekuwa mwekundu-mweusi unang'aa. Akaniambia, "Mguu huu si wangu." Mimi, bingwa wa mimba, nikasema ni mtoto amelalia upande huo. Tena nikajitia udaktari. Sisi waendesha baiskeli tulikuwa tukishikwa na mkakamao tunachuliwa mashavu ya miguu kwa mafuta ya mawese ya moto. Nikapasha mawese, nikamlaza, nikamkanda mguu ule kwa nguvu zangu zote, siku tatu mfululizo. Alikuwa anang'ata kanga asipige kelele. Nikamkataza kabisa kushuka kitandani.

Siku ya nne mama mkwe akaja kutoka Kitanga kumsalimu binti yake. Mnajua kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka maneno yanaisha. Mambo ya mwili wa binti yake, miguu yake, tumbo lake, hawezi kunitamkia usoni. Aliingia chumbani, nikamsikia akisema kwa Kirundi, "Yoo, mwana wanje!" yaani, ole, mwanangu! Akatoka, akakaa kwenye mkeka nje, uso ameuelekeza barabarani.

Nikachinja jogoo. Nikaleta ugali na yule jogoo mzima, firigisi juu. Hakunawa mikono. Nikamtuma Ezekieli akamwambie chakula kiko tayari. Akajibu, "Mwambie baba yako nimeshiba." Ametembea toka Kitanga, ameshiba nini? Jioni vilevile. Asubuhi uji ukapoa mbele yake.

Nikakasirika. Nikasema huyu mama ananidharau, nyumba yangu ya bati na sakafu ya saruji anaiona nini? Nikawasha pikipiki nikaenda zangu kijiweni, nikawasimulia wenzangu jinsi wakwe wasivyo na shukrani. Wakanipa pole. Nyinyi wenyewe mngenipa.

Yule mama alikuwa anasema na mimi kwa njia moja tu aliyoruhusiwa, kususa chakula, na mimi nilisikia tumbo langu badala ya lake.

Nilipoondoka, alimwinua binti yake, akamwegemeza begani, wakaenda taratibu kwa njia ya migombani mpaka zahanati. Sista Mwanaidi alitoa futi ya kamba, ile ya fundi cherehani, akapima shavu la mguu wa kulia, akapima la kushoto. Hakupima mara ya pili. Akanipigia simu.

"Baba Ezekieli, njoo sasa hivi. Njoo na gari."

"Nina pikipiki hapa, Sista, dakika mbili."

"Nimesema gari. Huyu hakai kwenye pikipiki tena. Na nani amemkanda huu mguu?"

Nikakata simu, nikaenda kutafuta gari.

Hospitalini daktari, kijana mdogo ambaye ningeweza kumzaa, alinitoa nje akanieleza taratibu kama anavyomweleza mtoto. Kwamba damu ya mwenye mimba inakuwa nzito kidogo, inaganda upesi kuliko ya mtu mwingine. Kwamba tumbo likikua linaibana mishipa ya kurudisha damu kutoka miguuni, hasa ya kushoto. Kwamba misuli ya mashavu ya miguu ndiyo pampu ya kuipandisha, na pampu hiyo inafanya kazi mtu akitembea. Ukimkalisha siku nzima, ukamning'iniza miguu juu ya pikipiki saa nyingi, damu inalala. Ikilala inaweza kuganda.

"Na kumkanda, daktari?"

"Ungeweza kuling'oa bonge likapanda mapafuni. Ungerudi nyumbani peke yako."

Nilikaa kwenye ngazi ya wodi. Nikamkumbuka Mzee Ruhuza, ambaye alishafariki, na hatua zake mia. Sijui alijuaje. Labda alikuwa ameona tu, mwaka baada ya mwaka, nani anashuka salama na nani hashuki salama.

Daktari alisema pia jambo moja ambalo nadhani lilikuwa la kunihurumia: kwamba wapo wanaotembea kila siku na bado hupatwa. Huenda. Lakini mimi sikumpa Spesioza nafasi ya kujua kama angekuwa mmoja wao.

Spesioza alichomwa sindano za kuzuia damu isigande, kila siku, tumboni, mpaka alipojifungua na wiki kadhaa baadaye. Alijifunza kujichoma mwenyewe. Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mnene. Watu wakasema Mungu mkubwa. Ni kweli. Ila mguu haukurudi. Bonge liliyeyuka, milango ya ndani ya mishipa, ile inayozuia damu isirudi chini, ikabaki imeharibika. Mpaka leo akisimama kidogo unavimba, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu juu ya kifundo, na akitembea umbali wa kutoka hapa mpaka sokoni inabidi akae. Yule aliyekuwa ananingoja juu ya mlima akinicheka.

Basi mkinifuata mimi, fuateni na haya. Abiria mwenye mimba muulize ni mwezi wa ngapi kabla hujawasha. Punguza upepo wa tairi kidogo, punguza mwendo zaidi. Kama njia ni mbovu sana, mwambie atafute gari, nauli itakuja siku nyingine. Mshushe kila baada ya muda hata kama hajaomba, ajinyooshe, atembee, anywe maji. Wa nyumbani kwako usimpandishe kitandani kama kikombe cha kabatini. Tembea naye jioni, ujifanye unakwenda kuangalia mahindi kama unaona haya. Nenda naye kliniki na ukae ndani, masikio yawe ndani pia. Na mama mkwe wako akikataa chakula chako, acha hasira, kaulize chumbani.

Mwaka jana mama mkwe alifariki kule Kitanga. Tulikodi gari alfajiri, likatufikisha mwisho wa barabara. Kaburi lilikuwa ng'ambo, ushuke bonde, uvuke kijidaraja cha magogo, upande tena kwenye migomba na kahawa mpaka juu. Pikipiki haipiti. Jeneza lilikuwa limeshatangulia mabegani mwa watu, na mawingu yalikuwa yanajaa.

Shemeji zangu walileta machela, wanaume wanne tayari. Nikamwambia, "Mama Ezekieli, panda, tuwahi."

Akaitazama ile machela.

"Machela ni ya mgonjwa na maiti," akasema. "Mimi nakwenda kumzika mama."

Akaanza kushuka bonde. Nikafuata nyuma yake. Alikaa mara ya kwanza kabla ya daraja. Akakaa tena baada ya daraja, akaufunua mguu, akaufunika. Mvua ikaanza kudondoka. Juu tukasikia pambio, halafu sauti ya mchungaji, halafu majembe. Nikaona mabega yake yanaharakisha, lakini mguu hauharakishi. Nilijaribu kumshika mkono, akaniachia nimshike.

Tulipofika watu walikuwa wanakwangua udongo kwenye majembe yao kwa vijiti. Kaburi lilikuwa limeshajaa, limesawazishwa, maua ya porini juu yake huku na huku. Msalaba ulikuwa bado umelazwa chini, haujasimikwa kichwani. Spesioza akapiga magoti kwa shida, mguu mmoja umenyooka pembeni. Akaweka kiganja kwenye udongo upande mmoja, akakiondoa, akakiweka upande mwingine.

Akageuka akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kichwa chake kiko upande upi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikujua.